«TULISHA SOMA HII»: NENO LINALOTUDANGANYA



Siku moja ya Posho, mwezi uliopita, sisi viongozi wa wanafunzi tulipewa kazi ya kusafisha kabati la vitabu. Tulipaswa kutenga mafungu mawili: fungu la kubaki na fungu la kutoka. Vile vya kutoka vilikuwa vya kupasuliwa, kurasa zake zifunike madaftari ya wadogo wetu wa darasa la saba, maana karatasi ya kufunikia madaftari ni ya bei, na kufika huku Rurambo bei inapanda mlima pamoja nayo. Mwenzangu mmoja akainua kitabu kimoja chembamba, mgongo umeisha, akauliza: «Na hii?» Mimi mwenyewe, bila kufikiri, nikajibu: «Ile tulisha soma. Weka ku fungu ya kutoka.»

Kitabu hicho kilikuwa Safari ya Msafiri, kile cha John Bunyan. Mwenzangu akakitupa, kikaanguka pembeni, kikafunguka. Nikainama kukiokota. Nikasoma mistari michache nikiwa nimesimama, kisha nikaketi juu ya sanduku. Wenzangu walimaliza kazi peke yao, na hapa ninawaomba radhi. Kitabu nilikiweka chini ya shati.

Leo ninaandika kwa kujishitaki mwenyewe kwanza, halafu nitawashitaki ninyi wafinalisti wenzangu, maana neno hili «tulisha soma» liko midomoni mwetu sote. Tunalisema kama mtu aliyekula akashiba. Ninataka kuonyesha kwamba ni neno la uongo. Kitabu kizuri kinachosomwa mara moja katika utoto kimesomwa nusu, na ile nusu nyingine inangoja sisi tukue.

TUANZE KANISANI

Tazameni siku ya Mungu. Mchungaji anafungua Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba yule kijana atarudi nyumbani. Je, mmekwisha kuona mzee akisimama katikati ya ibada, akisema: «Mchungaji, ile tulisha soma»? Hapana. Watu wanakaa kimya, wanasikiliza, na wakitoka utawasikia njiani wanabishana: huyu anamsikitikia baba, yule anasema kaka mkubwa alikuwa na haki yake, mama mmoja anauliza mama wa vijana wale alikuwa wapi. Habari ni ileile. Wanaoisikiliza ndio waliobadilika tangu mara ya mwisho: mmoja amezika mtoto, mwingine amegombana na ndugu yake juu ya shamba.

Basi sisi Waprotestanti tumelelewa katika kusoma tena. Kanisani tunafahamu kwamba neno lililosomwa jana linaweza kusema kitu kipya leo. Tukifika darasani tunasahau. Tunafanya kitabu kuwa kama muwa: ukisha kutafuna, unatema.

MBWA MWITU NA MWANA-KONDOO

Wote tuliopita darasa la saba tulikamata kwa kichwa ile hadithi ya Jean de La Fontaine, Mfaransa aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi za wanyama mwaka 1668. Mwana-kondoo anakunywa maji mtoni. Mbwa mwitu anafika, ana njaa, anamshitaki kwamba anamchafulia maji. Mwana-kondoo anajibu kwamba yeye yuko upande wa chini, maji hayawezi kupanda. Mbwa mwitu anageuza shitaka: mwaka jana ulinitukana. Mwana-kondoo anajibu kwamba mwaka jana alikuwa bado kuzaliwa. Basi kama si wewe ni ndugu yako, au ni mmoja wa jamaa yako. Na anamla.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama mbele ya darasa nikaisema yote kwa Kifaransa bila kusita, nikapata kumi juu ya kumi. Maneno mengine hata maana yake sikujua. Niliyofahamu ni haya tu: mnyama mkali anakula mnyama mpole. Hiyo huku kwetu si habari, fisi na mbuzi tunawajua.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilishuka na mama kuelekea uwanda wa Ruzizi kuuza viazi. Mama alikuwa na mzigo wake mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, mimi nina nusu mfuko. Njiani tukakuta kamba imefungwa kutoka mti hadi mti, na kijana mmoja mwenye bunduki ameketi. Akauliza karatasi. Mama akaonyesha karatasi. Akasema: «Juma lililopita mulipita hapa bila kulipa.» Mama akajibu kwa heshima kwamba juma lililopita tulikuwa shambani tunavuna. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi walikuwa wa kwenu.» Akachukua nusu mfuko wangu.

Nikiwa nimesimama pale, ile hadithi ikajisema yenyewe kichwani mwangu, kwa Kifaransa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kucheka, nikaogopa. Siku ile nikaelewa jambo ambalo kumi juu ya kumi haikunifundisha. Kijana yule alikuwa na bunduki. Angeweza kuchukua mfuko bila kusema neno. Mbwa mwitu pia alikuwa na meno. Hakuhitaji maneno yote yale. Kwa nini basi waliongea? Kwa sababu hata mwenye nguvu anaona haya kuwa mwizi mtupu. Anatafuta kwanza kosa la mwenzake, ili akisha kula alale vizuri. Hadithi ile iliandikwa juu ya mashitaka zaidi kuliko juu ya njaa.

Mngependa niishie hapo, mimi nikiwa mwana-kondoo. Lakini iko mara ya tatu. Muhula uliopita maji ya internati yalikosekana asubuhi. Nikamkamata mtoto mmoja wa darasa la nane, nikamwambia ni zamu yake. Akanionyesha orodha: zamu haikuwa yake. Nikamwambia jana alikawia. Akasema jana alikuwa mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa. Nikamwambia: «Basi ni wenzako wa chumba kimoja, ninyi wote ni wamoja.» Nikamtuma mtoni mara mbili peke yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimesema maneno ya mbwa mwitu, kwa mpangilio wake uleule, shitaka la kwanza, la pili, la tatu. Kijana yule anajijua, na nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Ninawaambia wazi: sheria zote za viongozi wa wanafunzi zilizobandikwa ukutani hazikunishitaki kama ilivyonishitaki hadithi ya watoto niliyodhani nimeimaliza katika darasa la saba.

MSAFIRI NA MACHOZI YAKE

Sasa nirudi kwa kitabu kilichoanguka. Wengi wenu mnajua habari yake. Mtu mmoja anaishi katika mji utakaoangamizwa. Ana mzigo mgongoni. Anakimbia kuelekea mji wa Mungu, na njiani anakuta matope, simba, jitu, bonde la giza.

Mara ya kwanza niliisoma darasani kama habari ya vita. Nilipenda simba. Nilipenda zaidi pahali anapopigana na yule adui mwenye mabawa. Kati ya simba na vita hiyo kuna kurasa kadhaa ambamo watu wanaketi ndani ya nyumba wanaongea tu. Nilizipita mbio. Hakuna simba, hakuna upanga, mtoto asome nini?

Mara ya pili nilikuwa na miaka kumi na tano, vijana wa kanisa tulikuwa tunakisoma kwa sauti. Mwaka ule nyumbani hali ilikuwa mbaya. Tulikuwa tumelala porini, tukarudi, tukakuta nyumba haina mabati. Baba akashuka Uvira kutafuta kazi, akisema atatuita. Miezi ikapita. Basi tulipofika pale mwanzoni, ambapo Msafiri anakimbia, mke na watoto wanamwita nyuma yake, naye anaziba masikio kwa vidole asiwasikie, mimi nikafunga kitabu. Nikamwambia kiongozi wa vijana: «Huyu si mtakatifu. Huyu alikimbia watoto.» Akanijibu kwamba ni mfano tu. Sikuridhika, na sikurudi tena katika kikundi kile.

Mara ya tatu ni siku ile ya Posho, juu ya sanduku. Ukurasa uliofunguka ulikuwa mmoja wa zile nilizopita mbio nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Msafiri amekwisha kupita simba, amepokewa katika nyumba nzuri, na mwanamke mmoja wa nyumba ile anamuuliza kama ana mke na watoto. Anasema anao, wanne watoto wadogo. Anamuuliza kwa nini hakuja nao. Na yule mtu shujaa, ambaye hakulia mbele ya simba, analia.

Kumbe machozi yale yalikuwa pale tangu zamani. Yalikuwa pale nilipokuwa ninatafuta vita. Yalikuwa pale nilipofunga kitabu kwa hasira. Sikuyafikia mara zote mbili: mara ya kwanza kwa mbio, mara ya pili kwa uchungu.

Jioni ile nilipanda kilima pahali rezo inapatikana, nikampigia baba. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: «Baba, siku ile ulipotuacha, njiani ulikuwa namna gani?» Akanyamaza mpaka nikadhani rezo imekatika. Kisha akasema: «Nilifika ku mto nikaketi. Nilitaka kurudia. Jua ikazama niko pale.» Miaka mitatu nilikuwa ninamhukumu mtu bila kumuuliza swali ambalo mwanamke wa kitabuni aliuliza mara moja tu.

Sisemi kwamba baba alifanya vizuri. Mama ndiye aliyebeba miezi ile, na mzigo wake haukuanguka msalabani kama wa Msafiri. Ulishuka usiku ukapanda tena asubuhi. Na kwa kitabu pia bado nina ubishi. Lakini sasa ninabishana nikiwa nimesikia pande zote.

Baadaye nilimweleza mwalimu wetu wa dini, naye akaniongezea mambo ambayo yanabadilisha kitabu kizima. Bunyan alizaliwa Uingereza mwaka 1628. Kazi yake ilikuwa kuziba masufuria yaliyotoboka, kazi ya mafundi wanaozunguka vijijini. Alihubiri bila ruhusa ya serikali, akafungwa mwaka 1660. Angeahidi kuacha kuhubiri, angetoka. Hakuahidi, akakaa gerezani miaka kumi na miwili, mpaka 1672. Nyumbani alikuwa ameacha mke, Elizabeth, ambaye alikwenda mbele ya waamuzi kumwombea afunguliwe mlango, na watoto wanne, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Kule gerezani alikuwa anatengeneza kamba za viatu ili jamaa yake wapate kula.

Basi aliyeandika habari ya baba anayeziba masikio alikuwa baba aliyeacha mtoto kipofu nyumbani. Alijua sauti ile inayoita nyuma. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1678. Miaka sita baadaye, mwaka 1684, akatoa sehemu ya pili, na ndani yake mama na watoto wake wanne wa kiume wanashika njia ileile, wakiwa na kiongozi mwenye upanga, na mama anafika. Mimi ninaona hivi: mwandishi mwenyewe alirudi katika kitabu chake, akakuta mama na watoto wamesimama mlangoni bado, akaona haifai kuwaacha.

HATA WAKUBWA WANARUDI

Kama mnadhani kusoma tena ni kazi ya wasio na kitabu kingine, tazameni ng'ambo ya ziwa letu. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alitafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, mtawala aliyeuawa na rafiki zake. Tafsiri ilitoka mwaka 1963. Mfasiri anasoma polepole kuliko watu wote, neno kwa neno. Angeweza kusema amemaliza. Lakini alirudi, akasahihisha kazi yake, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina lililoandikwa kama Kiswahili kinavyotamka: Juliasi Kaizari.

Kati ya miaka ile miwili, Januari 1964, askari wa jeshi lake waliasi Dar es Salaam. Sisemi kwamba uasi huo ndio uliomrudisha kwenye kitabu. Ninasema tu kwamba mtu aliyekifungua mara ya pili alikuwa ametawala miaka mingine, na ameona mengine. Wazee wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ninaongeza: na kusoma mengi katika kitabu kilekile.

WANAONIPINGA

Nimekwisha kusikia majibu yenu kule bwenini, niyajibu kwa haki.

Wa kwanza wanasema: «Ekzame ya Eta iko mbele, hatuna wakati.» Ni kweli, na mimi pia ninaiogopa. Sitawadanganya kwamba Msafiri atawapa pointi katika kemia. Lakini mbele ya yale maswali ya kuchagua jibu iko disertasio ya Kifaransa, na pale hakuna majibu ya kuchagua. Unapaswa kuwa na kitu cha kusema. Anayefahamu hadithi moja mpaka ndani atapata la kusema kuliko aliyepita mbio juu ya kumi.

Wa pili wanasema: «Tunataka vitabu vipya.» Ninawaunga mkono. Ufukara wa kabati letu si sifa, na mtu asichukue maneno yangu kuwa sababu ya kutotuletea vitabu. Lakini kitabu kipya hakimfai anayesoma kama mpita njia. Atakipita mbio vilevile, na mwaka ujao atasema tulisha soma.

Wa tatu wanasema: «Vitabu vingine ukirudi unakuta ni vidogo.» Hao wamesema kweli. Kuna kitabu kimoja cha vituko ambacho katika darasa la nane nilikisoma chini ya blanketi kwa torshi. Nimekirudia juzi, ni kelele tupu, na mwisho wake niliuona tangu ukurasa wa tano. Hata hiyo ni faida. Kusoma mara ya pili ndiyo mizani: kizito kinajulikana, na chepesi kinajulikana. Vyepesi vipasuliwe vifunike madaftari, sina neno.

NINACHOOMBA

Kwanza, fungu la kutoka lirudi kabatini mpaka kila kitabu kisomwe tena na mtu mmoja mzima. Migongo iliyoisha tutaishona kwa uzi na kuibandika kwa uji mzito wa unga wa mihogo. Mimi nimekwisha kuanza na Msafiri, na anasimama.

Pili, ile kanuni inayosema vitabu vya darasa la saba na la nane ni vya watoto tu iondolewe. Mfinalisti asione haya kukiomba.

Tatu, jioni moja kwa juma, mfinalisti mmoja aende bweni la wadogo awasomee. Na asikilize wanachopenda. Watapenda simba. Awaache wapende simba. Machozi yatawangoja, kama yalivyotungoja sisi.

Nne, nyuma ya kila kitabu tubandike karatasi, na kila msomaji aandike tarehe na umri wake, hata kama ni mara yake ya tatu. Katika Safari ya Msafiri nimekwisha kuandika mistari yangu: miaka 12, miaka 15, miaka 18. Chini nimeacha nafasi. Sijui nitakuwa wapi nikiwa na miaka arobaini, wala kama nitakuwa baba wa mtu, wala kama siku moja nitalazimika kushuka mlima na kuacha watu wananiita nyuma. Ningependa siku hiyo kitabu kiwe bado kabatini, na si juu ya daftari la hesabu.

Anayenipinga aandike, gazeti letu ni la wote. Ila kabla ya kuandika, asome tena.

Yangu ni hayo. Bwana awabariki.

Kiongozi wa wanafunzi, darasa la mwisho